Slaidi kila chumba, au madirisha ya bawaba?

SWALI: Habari mtaalamu. Ninajenga nyumba yenye ghorofa moja juu, na kuta zimefika kwenye hatua ya kupachika madirisha. Fundi wa aluminiamu ananishauri niweke ya slaidi kila mahali, kwa kuwa hayachukui nafasi na yeye huyatengeneza haraka. Dada yangu anasema nitajuta, kwamba madirisha ya kufunguka nje ndiyo yanayoleta hewa. Sebule inapigwa na upepo upande mmoja, jiko lina dirisha juu ya sinki, watoto watalala ghorofani, na ubavuni mwa nyumba kuna njia ya kupita watu. Nitaweka nondo na wavu wa mbu. Nichague aina gani?

JIBU: Ndugu yangu, dada yako yuko sahihi kuhusu hewa, na fundi wako yuko sahihi kuhusu nafasi. Tatizo lipo kwenye maneno mawili tu ya ushauri wa fundi: "kila mahali". Dirisha la juu ya sinki na dirisha la chumba cha watoto ghorofani yana kazi tofauti kabisa, na sioni sababu ya kuyafanya yafunguke kwa namna moja eti kwa kuwa yameagizwa siku moja.

Tuanze na hewa, maana hapo ndipo macho hudanganya. Sasa hivi ukisimama mbele ya tundu lililo wazi ukutani, upepo unaoupata ni wa tundu zima. Dirisha likishapachikwa, utakaoupata ni ule tu unaopita kwenye sehemu inayofunguka. Chukua tundu la sentimita 150 kwa 120, yaani mita za mraba 1.8. Ukiweka slaidi ya vioo viwili, kimoja hujificha nyuma ya kingine, na hata ukifungua mpaka mwisho unabaki na chini ya nusu. Ukitoa fremu, ni kama mita za mraba 0.8. Ukiweka mabawa mawili (bawa ni kile kipande cha dirisha kinachofunguka) yenye bawaba pembeni, kila moja likifunguka upande wake, unapata karibu tundu zima, ukiacha unene wa fremu tu. Ukiweka bawa moja lenye bawaba juu, ukalisukuma nje sentimita 20 kwa chini, hewa hupita kwenye mwanya wa chini (0.3) na kwenye pembetatu mbili za ubavuni (0.12 kila moja). Jumla ni 0.54. Tundu ni lile lile na ukuta ni ule ule, lakini nyumba hizo tatu hazipumui sawa.

Kwa hiyo dada yako ameshinda? Bado. Upepo hauingii chumbani kama hauna pa kutokea, na hili naliona likisahaulika kuliko jambo lingine lolote kuhusu madirisha. Watu huweka dirisha kubwa la sebule upande wa upepo, halafu upande wa pili wanaacha kidirisha kidogo cha korido. Hewa inayopita hutawaliwa na tundu lililo dogo. Tuseme upande wa upepo umefungua mita ya mraba 1 na upande wa pili 0.3. Mafundi wa mifumo ya hewa hukokotoa jambo hili kwa kanuni inayojulikana, na jibu ni kwamba matundu hayo mawili kwa pamoja hufanya kazi kama tundu moja la 0.29 hivi. Ukizigawa mita hizo hizo 1.3 sawasawa, 0.65 kila upande, unapata kama 0.46. Umeongeza hewa kwa zaidi ya nusu bila kuongeza hata sentimita moja ya dirisha. Ndiyo maana, kabla ya kubishana kuhusu slaidi na bawaba pale sebuleni, nataka ujue upepo ukishaingia utatokea wapi. Kama ukuta wa pili hauna dirisha, angalia kama unaweza kufungua tundu juu ya mlango wa ndani, au kuweka dirisha dogo la juu upande wa pili. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo tundu lililo juu hufanya kazi hata siku ambayo upepo umetulia.

Chumba chenye madirisha ukuta mmoja tu kina mpaka wake. Kipimo ambacho wasanifu wengi hukitumia ni kwamba hewa safi huingia mpaka umbali wa kama mara mbili ya kimo cha chumba, au mara mbili na nusu ukiwa na tundu la chini na la juu kwenye ukuta huo huo. Dari likiwa mita 2.7, ukivuka mita 5 na ushee utakuta hewa imelala. Matundu yakiwa kuta mbili zinazotazamana, kipimo kinafika mara tano ya kimo.

Sasa bawaba. Bawa lenye bawaba pembeni lina faida ambayo slaidi haiwezi kuwa nayo: linadaka upepo. Kama upepo kwako hauji moja kwa moja ukutani bali unapita sambamba na nyumba, slaidi iliyo wazi itauacha upite zake. Bawa lililosimama nje ya ukuta huukinga kama kiganja na kuuelekeza ndani. Sharti ni kwamba bawaba ziwe upande ambako upepo unaelekea, si unakotoka. Zikiwekwa upande unakotoka, bawa linakuwa kizuizi na unabaki unashangaa mbona dirisha liko wazi na pazia halitikisiki. Mwambie fundi jambo hili kwa mdomo na kwa mchoro, kwa maana usipomwambia atazigawa bawaba kwa kutazama urembo. Na kwa kuwa bawa linalodaka upepo hupigwa na upepo huo huo, mkono wa kulishikilia lazima uwe imara. Ule mwembamba wa kuning'inia hupinda katika dhoruba ya kwanza.

Uzito nao hausamehe. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo kioo cha milimita 6 ni kilo 15 kwa mita ya mraba. Bawa la sentimita 60 kwa 120 hubeba kioo cha kilo 10.8. Ukilipanua liwe sentimita 100, kioo kinakuwa kilo 18, na kwa kuwa uzito umesogea mbali na bawaba, nguvu inayozivuta bawaba huwa karibu mara tatu. Hapo ndipo madirisha huanza kuinama kona, kukwaruza fremu na kukataa kufunga. Bawa la bawaba za pembeni liwe refu kuliko upana wake, na mimi huogopa kuvuka sentimita 70. Ukitaka dirisha pana, gawa: mabawa mawili pembeni na kioo kisichofunguka katikati. Kioo kisichofunguka hakina bawaba, hakivuji kirahisi, na kwa kawaida ni nafuu kuliko kinachofunguka. Watu hukidharau bila sababu.

Nondo na wavu, ndugu yangu, ungevitaja mwanzo kabisa, kwa sababu ndivyo vinavyoamua zaidi kuliko ladha yako. Nondo zikikaa nje ya kioo, dirisha la kufunguka nje halifunguki, basi. Ukitaka lifunguke nje, nondo zihamie ndani, na mkono wako upite katikati ya nondo kushika mpini. Wavu nao utakuwa ndani zaidi, na wavu usiofunguka maana yake hufikii mpini hata kidogo. Nimeingia kwenye nyumba ambazo madirisha mazuri ya bawaba hayajafunguliwa tangu siku ya kuhamia, kwa sababu kila mara mtu alipotaka hewa ilibidi abandue wavu. Bora slaidi inayofunguliwa kila asubuhi kuliko bawaba inayobaki imefungwa mwaka mzima. Kwenye slaidi mpangilio ni mwepesi: nondo nje, wavu kwenye reli yake, kioo ndani. Hii ndiyo hoja kubwa ya fundi wako, ingawa hakuitaja. Kama bado unataka bawaba, omba wavu wenye bawaba zake au wa kujikunja kwenye roli, na uhakikishe ngumi yako yenye mpini inapita kati ya nondo mbili. Kumbuka pia kwamba wavu wenyewe hupunguza hewa, na matundu yake yakiwa madogo zaidi hupunguza zaidi. Hilo liingize kwenye hesabu unapoona dirisha linatosha tu bila ziada.

Na nondo zina jambo moja ambalo sitaki nilipite haraka. Moto ukiwaka kwenye ngazi, dirisha la chumba cha kulala ndilo mlango. Kanuni za ujenzi za Uingereza hutaka dirisha la kutorokea liwe na uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, usiopungua sentimita 45 kwa upana na kwa kimo, na sehemu ya chini ya uwazi huo isizidi sentimita 110 kutoka sakafuni. Kanuni zinazotumika sana Marekani ni kali zaidi: mita za mraba 0.53, kimo sentimita 61, upana sentimita 51. Hata kama unakojenga hakuna sheria kama hiyo, mwili wa binadamu ni ule ule. Sasa pima: slaidi ya sentimita 90, vioo viwili, inakuachia mwanya wa kama sentimita 40. Mtu mzima anaweza kukwama. Katika upana huo huo, bawa moja la bawaba pembeni la sentimita 70, kando yake kioo kisichofunguka, litampitisha bila shida. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja la kupitika, na nondo za dirisha hilo ziwe na mlango unaofunguka kutoka ndani bila kutafuta ufunguo gizani. Kama ni lazima ufunge kwa kufuli, ufunguo uning'inie pale pale, mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje hauwezi kuufikia, na kila mtu wa nyumba ajue.

Upande wa pili wa hofu hiyo ni mtoto kuanguka. Kwa ghorofani weka kizuizi kinachoacha dirisha lifunguke sentimita 10 tu, chenye kitufe ambacho mtu mzima anakiachia kwa mkono. Kipimo hicho cha sentimita 10 hutumika nchi nyingi kwa sababu mtoto mdogo hapenyi hapo. Usitegemee wavu wa mbu. Unazuia mbu, hauzuii mwili wa mtoto anayeegemea. Kitanda na kabati la nguo visikae chini ya dirisha. Na kioo chochote kinachoanza chini ya sentimita 80 kutoka sakafuni kiwe cha usalama: ama kilichoimarishwa kwa joto, ambacho kikivunjika hugeuka punje ndogo, ama cha tabaka mbili zilizogandishwa, ambacho hupasuka lakini hakiachani.

Maji ya mvua yanastahili aya yake, hasa ukichagua slaidi. Reli ya chini ya slaidi ni mfereji. Mvua ya upepo ikipiga kioo, maji hutiririka na kujaa humo, na yanatakiwa kutoka kwa matundu madogo yaliyotobolewa upande wa nje. Matundu hayo ndiyo uhai wa dirisha zima. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba mpya iliyokuwa ikimwaga maji sebuleni kila mvua kubwa. Mwenyewe alishaamua madirisha ni mabovu na alitaka yote yang'olewe. Nilipoinama nje niliona kwamba aliyemalizia kuta alikuwa ameyaziba matundu yote kwa lipu na silikoni, kwa nia njema kabisa, akidhani ni kasoro ya fremu. Tuliyazibua kwa msumari na sindano ya waya, na mvua iliyofuata maji yalibaki nje. Siku ya kupokea kazi, mwaga maji kikombe kimoja kwenye reli uone yanatokea wapi. Baada ya hapo fagia reli hiyo mara kwa mara, kwa sababu mchanga ndio unaokula magurudumu, na slaidi inayosukumwa kwa nguvu ni slaidi ambayo magurudumu yake yanakufa.

Slaidi ina udhaifu mwingine usiotibika kwa kufagia. Dirisha la bawaba likifungwa, komeo hulibana bawa kwenye mpira wa kuzibia pande zote nne. Slaidi lazima iteleze, kwa hiyo huzibwa kwa manyoya ya brashi, na brashi huruhusu hewa, vumbi na sauti kupenya. Kama upande mmoja wa nyumba unatazama barabara yenye kelele, au kuna chumba utakachoweka kiyoyozi, hapo sitakubali slaidi bila kupigania bawaba kwanza.

Lenye bawaba juu, lile linalosukumwa nje kwa chini, ni dirisha ninalolipenda kuliko yote kwa mahali padogo. Likiwa wazi linakuwa upenu wa lenyewe: mvua ya kawaida inateleza juu ya kioo na hewa inapita chini. Bafuni liweke juu, zaidi ya kimo cha macho, na faragha utakuwa umeipata bila pazia. Lipo pia la kinyume chake, lenye bawaba chini na kuinamia ndani, linalofaa chumba cha chini au juu ya mlango, ila sharti lilindwe na mvua. Luva, vile vipande vya kioo vinavyogeuka pamoja, hufungua karibu tundu zima na kwa hewa hazina mpinzani. Lakini hazizibi kamwe, na vipande huchomolewa kwa mkono, kwa hiyo bila nondo ni mwaliko. Zifae stoo au ngazini. Yale ya kupandisha na kushusha yana uzuri wake: ukifungua kidogo juu na kidogo chini, hewa baridi huingia chini na ya moto hutoka juu. Hata hivyo kwa aliyepo kazini sasa na fundi wa slaidi, sitakusukuma huko.

Kuna jingine, linaloinamia ndani kwa juu na pia kufunguka ndani lote kwa pembeni, kutegemea ulivyogeuza mpini. Linaziba vizuri, unalisafisha pande zote ukiwa ndani, na halina ugomvi na nondo wala wavu wa nje. Gharama ya vyuma vyake ni kubwa kuliko ya bawaba za kawaida, na mtu asiyeelekezwa huweza kugeuza mpini vibaya na kulikwamisha. Kwa chumba cha watoto ghorofani ningelifikiria kwa uzito, kama mfuko unaruhusu, mradi mapazia yaning'inizwe juu zaidi na kuvutwa kando kabisa.

Basi nyumba yako. Sebuleni, upande wa upepo, weka mabawa ya bawaba pembeni na kioo kisichofunguka katikati, nondo ndani, wavu wa kufunguka. Upande wa pili wa sebule hakikisha kuna uwazi unaokaribia huo. Jikoni dada yako asikubishie: juu ya sinki weka slaidi. Dirisha la kufunguka nje hapo linakutaka ulale juu ya meza yenye maji ili ulivute kulifunga, na la kufunguka ndani litagonga bomba. Ubavuni penye njia ya watu pia slaidi, bila mjadala. Kona ya bawa lililo wazi huwa kwenye kimo cha uso, na usiku haionekani. Bafuni bawaba juu. Kwa watoto bawaba pembeni, au lile la mpini wa kugeuza, lenye kizuizi na nondo za kufunguka. Chumba chenu, kama kinatazama upande mtulivu na dirisha lina upana wa sentimita 150 au zaidi, mpe fundi slaidi yake na moyo wako utulie.

Kabla hajakata aluminiamu, fanya jambo moja. Kata boksi la karatasi ngumu kwa ukubwa wa kila bawa la bawaba, ulipeleke kwenye tundu lake, mtu mmoja alishike upande wa bawaba na wewe ulizungushe kama dirisha. Simama pale sinki itakapokuwa, pale kitanda kitakapokuwa, kisha toka nje utembee kwenye njia. Vipimo vya mwisho vichukuliwe lipu ikishapigwa na kukauka, tundu kwa tundu, juu, katikati na chini, kwa sababu matundu mawili yaliyochorwa sawa mara nyingi huwa hayajajengwa sawa, na bawa lenye bawaba, tofauti na slaidi, halitavumilia fremu iliyopinda.